Zile Moja Kumi na Saba

28 Novemba 1936

Sista Valborg, muuguzi wa hospitali hii ya kifua kikuu mlimani, anaruhusu nusu ukurasa kwa siku, zaidi ya hapo anasema ni kuchosha pafu. Naandika, basi. Mimi ni Dagny Rølvåg, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi Ålesund. Pafu la kushoto bovu. Joto la jioni 37.9.

Kitanda cha kulia yupo Torbjørg, mfunga samaki mapipani kutoka Haugesund, mwenye sauti ya kuitia meli. Cha kushoto yupo Oddny, karani wa posta kutoka Vardø, amewaacha watoto wawili kwa mama yake. Mmoja hanyamazi, mwingine hasemi. Ningepewa ruhusa ya kuchagua, ningehama chumba leo hii.

2 Desemba

Theluji. Uji wa shayiri. Kijiko cha mafuta ya ini la samaki.

3 Desemba

Theluji. Uji. Kijiko.

6 Desemba

Leo limetokea jambo, nami nitapita nusu ukurasa, Sista anisamehe.

Sisi tunaoruhusiwa kuamka hula chakula cha mchana ukumbini, wanaume meza yao, wanawake yetu. Meza ya wanaume inatawaliwa na Injinia Sigvard Aamodt, mjenzi wa madaraja, mapafu yote mawili mabovu na kidevu juu. Leo alichukua chaki, akaenda kwenye ubao wa chakula cha siku, akaandika chini ya "samaki wa chumvi na viazi":

11111111111111111

"Moja kumi na saba," akasema. "Mabibi na mabwana, hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Nikashindwa kujizuia. "Umejuaje, Bwana Injinia?"

"Nimeijaribu kwa mamia ya namba, Mwalimu. Haiguswi."

Hapo Torbjørg akaweka uma chini. "Wanaume bwana! Wakikosa mtoto mwaka wa kwanza tu, wanamwita mwenzao tasa."

Meza yetu ikapasuka kwa kicheko. Wagonjwa wa kifua hatutakiwi kucheka namna ile, wawili walianza kukohoa hapo hapo. Injinia akawa mwekundu hadi masikioni.

"Haya, mama, tuonyeshe huyo mtoto."

"Tukimleta utatupa nini?"

"Chochote utakacho."

"Baraza la kusini," akasema Torbjørg.

Kila siku tunalazwa nje barazani ndani ya mifuko ya manyoya, asubuhi na alasiri, tuvute hewa. Baraza la wanaume linatazama kusini, jua linawaangukia vifuani. Letu linatazama kaskazini, na tangu Oktoba sijaliona jua ila kwenye nyuso za wanaume. Daktari Lien, aliyekuwa anakunywa kahawa mlangoni, akacheka akasema yeye hana pingamizi: tukileta namba inayoigawa ile kabla ya tarehe kumi na saba Mei, tubadilishane baraza hadi vuli. Tukishindwa, tuwafumie wanaume wote soksi.

"Rangi tutachagua sisi," akasema Injinia.

7 Desemba

Torbjørg ameniamsha kwa kunirushia mto. "Mwalimu! Namba yenyewe inagawanyika kweli?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Hakuna anayejua kwa kuitazama."

Akatukana tusi la bandarini. Kisha akasema, "Basi nifundishe kugawa. Nilitoka shule kabla ya hapo."

10 Desemba

Kugawa kwa kila namba ni wazimu, maisha yangehitajika kumi. Lakini nakumbuka jambo moja kutoka chuo cha ualimu, na leo nimekaa nalo hadi nikalithibitisha upya. Namba tasa yoyote itakayoigawa moja kumi na saba, ukiitoa moja, lazima igawanyike kwa 34. Zisizo hivyo zote ni takataka, tunazitupa bila kuzigusa. Kuna hila nyingine ndogo inayotupa nusu ya zilizobaki. Nimemwandikia rafiki yangu wa maktaba Oslo atuazime kitabu cha majedwali ya namba tasa.

Oddny, ambaye hajanisemesha tangu nije, amegeuza kichwa. "Naweza kusaidia? Mwandiko wangu mzuri."

19 Desemba

Majedwali yamefika. Yanaishia milioni tatu. Kama kigawo kiko mbele ya hapo, tumekwisha.

20 Desemba

Tumeanza. Namba ya kwanza kuruhusiwa ni 239. Nikagawa mbele ya Torbjørg, ikabaki 111. Akanitazama vibaya. "Unanitania. Unagawa moja tupu na zinabaki moja tupu?" Nikamwambia namba hii ina tabia zake, tutazizoea.

24 Desemba

Mishumaa, uji wa mchele. Torbjørg ameimba. Tumegawa namba saba.

11 Januari

Sasa tuna utaratibu. Kila namba ina karatasi yake ndogo. Gawa, zidisha, toa, shusha. Mwisho andika baki, pigia mstari. Likiwa sifuri, tumeshinda. Halijawahi kuwa sifuri. Torbjørg hulitukana kila baki kana kwamba limempunja kwa makusudi. Oddny hunikabidhi karatasi zake jioni, safi, mistari imenyooka, nyingi kuliko zangu. Nampenda Oddny. Laiti Torbjørg angekuwa na nusu ya utulivu wake.

19 Januari

Baridi kali hata wino umeganda barazani. Penseli tu.

2 Februari

Injinia amenisimamisha kwenye ngazi. "Mwalimu, nimechagua rangi. Njano."

"Njano inakufaa, Bwana Injinia."

"Si mimi peke yangu. Tuko wanaume ishirini na wanne, na baadhi yetu tuna miguu mikubwa."

Nilipanda juu nikagawa namba tatu kwa hasira tupu.

8 Februari

Theluji. Uji. Kijiko. Gawa, zidisha, toa, shusha.

21 Februari

Leo nimepiga kelele, na joto limefika 38.6.

Nilikuwa napanga karatasi za wiki. Nikakuta moja ya Oddny, kigawanyo cha tarakimu sita, na baki lake kubwa kuliko kigawanyo chenyewe. Hilo haliwezekani. Mtoto wa darasa la tatu anajua haliwezekani. Nikachukua nyingine, nikaigawa upya: baki silo. Nyingine: silo.

"Oddny. Hii umeigawa?"

Akatazama blanketi.

"Nakuuliza, umeigawa?"

"Hapana."

"Na hii?"

"Hapana, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka mpya. Mkono unatetemeka. Nikifika mstari wa nne tarakimu zinaogelea. Basi naandika tu zinazofanana."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngenitoa."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia huenda kigawo kimepita mikononi mwake akakizika kwa mwandiko mzuri. Nilimwambia darasani kwangu mtoto wa aina hiyo husimama ukutani. Alikuwa anaitikia "ndiyo, Mwalimu" kwa kila neno, na kadiri alivyoitikia ndivyo nilivyozidi.

Ndipo Torbjørg akatoka kitandani, miguu mitupu, jambo ambalo haruhusiwi. Nilingoja angurume. Akakaa kwenye kitanda cha Oddny, akaishika miguu yake juu ya blanketi.

"Mwalimu, nyamaza sasa," akasema taratibu. "Hapa si darasani kwako. Ghalani kwetu, mwanamke akijikata kidole anakificha ndani ya glavu anaendelea kufunga samaki. Si mwongo huyo. Anaogopa kurudishwa nyumbani."

"Na kazi yetu?"

"Kazi itarudiwa. Mtu harudiwi."

Wakati huo Sista Valborg alikuwa ameshafika mlangoni. Alipita kitanda kwa kitanda akakusanya penseli zote, hata yangu. Haya nayaandika kwa kipande chake kilichokuwa kimeanguka chini ya godoro.

23 Februari

Hakuna penseli. Hakuna mazungumzo.

25 Februari

Torbjørg hajasema neno tangu asubuhi. Sikudhani ingefika siku nitaikosa sauti ile. Nimekuwa nikimwona mtu asiye na adabu, na kumbe mimi ndiye niliyepaswa kukaa kwenye kitanda cha Oddny.

27 Februari

Sista Valborg ameingia na chati zetu za joto, akazitandaza juu ya meza kama karata.

"Nimezipitia," akasema. "Siku mnazohesabu mnalala vizuri, mnakula, hamgombani. Siku tano hizi mmekuwa kama paka mvuani, na joto la nyote watatu limepanda. Mimi namba zenu sizielewi. Chati nazielewa." Akatoa penseli mfukoni mwa aproni, zimechongwa. "Lakini nikisikia kelele tena, nazitia kwenye moto wa jikoni."

Tangu Oktoba nimemwita askari jela.

Alipotoka nikaenda kukaa kwa Oddny. Nikamwomba radhi. Nikamwambia tugawane upya: yeye namba mbili kwa siku, basi.

"Na nikichoka kabla sijamaliza?"

"Andika 'nimechoka'."

"Kwenye karatasi?"

"Papo hapo penye baki. Hiyo itakuwa karatasi ya kweli."

Torbjørg akatoa sauti kutoka ng'ambo. "Mimi nitaandika 'nimechoka na huyu Injinia'."

15 Machi

Tunarudia za Oddny. Mimi na Torbjørg, moja baada ya nyingine. Hakuna sifuri.

28 Machi

Pasaka. Machungwa, kila mgonjwa moja. Tumemaliza kurudia. Hakuzika kitu, kigawo hakikuwemo. Nilipomwambia, Oddny alilia, na chungwa lake mkononi halijamenywa. Tumepoteza mwezi mzima. Torbjørg alitaka kujua tuko wapi. Nikamwambia hata nusu ya majedwali hatujafika.

6 Aprili

Wamemhamishia Oddny chumba cha tisa. Kina kitanda kimoja. Tangu nije, wote walioingia humo walitoka wamefunikwa.

Torbjørg alimpangia mto, akamfunga skafu yake mwenyewe shingoni. Oddny hakusema kwaheri. Alisema, "Msinisahau kwenye mgao."

7 Aprili

Sista Valborg anampelekea karatasi mbili asubuhi na kuzirudisha jioni. Moja imegawanywa hadi mwisho, baki sahihi, nimeihakikisha. Ya pili imeandikwa: nimechoka.

12 Aprili

Mbili, zote nzima.

13 Aprili

Nimechoka. Nimechoka.

20 Aprili

Injinia ametutumia uzi wa njano, madonge sita, na salamu kwamba wanaume wanaanza kuhisi baridi miguuni. Torbjørg ameurusha dirishani. Sasa umening'inia juu ya msonobari na ndege wanauchukua kujengea viota. Angalau wao wana faida.

26 Aprili

Tumepita milioni mbili. Vidole vyangu vina sugu. Torbjørg sasa anagawa haraka kuliko mimi, midomo ikicheza. Anasema akitoka hospitali hatarudi kufunga samaki, atakwenda kuandikisha mizigo bandarini.

3 Mei

Nitaandika pole pole.

Baada ya kahawa ya alasiri tulisikia hatua za mbio kwenye ushoroba. Sista Valborg akaingia anakimbia. Sista Valborg hakimbii, hata mtu akitapika damu anakwenda kwa hatua ndefu. Akanipa karatasi ya Oddny.

Kigawanyo 2071723. Mistari imepinda, tarakimu zimelegea kama kamba. Na chini kabisa, badala ya baki, duara.

"Amesema nikuletee wewe mkononi," akasema Sista. "Amesema sio uchovu."

Sijivunii lililonijia kwanza. Nilidhani ametutungia sifuri kama zawadi. Kwamba amejua hatoki chumba cha tisa na ameamua kutufurahisha. Nikakaa, nikagawa kwa haraka, na mwisho ikabaki namba ndefu mbaya, si sifuri hata kidogo.

"Sivyo," nikasema. "Amefanya tena, maskini."

Torbjørg alikuwa ameinamia karatasi yake, akigawa kwa midomo. Tano. Tatu. Sita. Tatu. Mbili. Mbili. Mbili. Tatu. Tano. Saba. Akatoa mara ya mwisho. Akaitazama. Akanigeuzia karatasi.

Sifuri.

"Mwalimu," akasema, "hapa kwenye mstari wa tano umeandika saba ukasoma moja."

Nikatazama. Ndiyo. Mimi, mwenye diploma, nimeandika saba nikasoma moja.

Nikagawa tena, safari hii kama anavyogawa mtoto, nikitamka kila tarakimu, Torbjørg kaegemea bega langu, Sista Valborg kasimama kaishika fremu ya kitanda. Sifuri. Tukageuza, tukazidisha kwa kurudi nyuma. Zikaja moja, zote, kumi na saba, bila hata moja kukosa.

Torbjørg alipiga yowe. Milango ikafunguka ushoroba mzima. Nilimtazama Sista nikingoja penseli zikusanywe, lakini Sista alikuwa anafuta macho kwa aproni.

"Nani atamwambia?" akauliza.

Nilikwenda mimi. Haturuhusiwi kuingia chumba cha tisa, na Sista alinifungulia mlango kwa mkono wake. Oddny alikuwa mweupe kama shuka, macho makubwa.

"Umehakikisha?"

"Mara tatu. Mara ya kwanza nilikosea mimi. Wewe hukukosea."

Alifumba macho akatabasamu. "Nilitaka kuandika nimechoka. Nilikuwa nimefika mstari wa sita. Nikasema hii moja tu."

4 Mei

Ukumbini, chakula cha mchana. Torbjørg alivaa gauni lake la Jumapili. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akafuta "supu ya mbaazi," akaandika namba mbili, 5363222357 na chini yake 2071723. Kisha akampa Injinia chaki.

"Mtoto ndiye huyu, na nduguye. Sisi tumewaleta. Wewe hesabu vidole."

Injinia aliitazama ile ndogo muda mrefu. Akaitoa moja, akaigawa kwa 34 kichwani, nikamwona anatikisa kichwa kukubali. Akaanza kuzidisha. Ni mtu mwenye mkono mzuri, lazima niseme. Mistari sita ikashuka ubaoni kama ngazi. Hakuna aliyegusa supu.

Akafika kujumlisha. Akaanza na safu ya upande wa kulia.

"Moja," akasema, akaandika. Safu ya pili: "Saba na nne, kumi na moja. Moja." Ya tatu: "Moja na tisa, na moja ya mkononi. Kumi na moja. Moja."

Akasita, akageuka kututazama. Nadhani hapo ndipo alipoamini. Akaendelea, na kwenye safu ya nne sauti yake haikuwa peke yake, meza yetu ilikuwa imeanza kuitikia. "Moja!" Ya tano, meza ya wanaume nayo ikaingia. "Moja!" Wapishi wakatoka jikoni. "Moja!" Watu wenye mapafu mabovu, watu walioagizwa wasinyanyue sauti, wanapiga meza kwa vijiko, "Moja! Moja!" na Daktari Lien mlangoni hazuii, naye anaitikia. Ilipofika ya kumi na saba Injinia hakuitamka. Aliiandika tu, akaweka chaki chini, akasubiri sisi tuseme.

Tulipomaliza, kutoka juu, kutoka chumba cha tisa kilicho juu kabisa ya ukumbi, tukasikia kikombe kikigongwa sakafuni. Ngo. Ngo. Ngo. Hakuacha hadi ukumbi mzima uliposimama na kuinua nyuso kwenye dari na kupiga makofi.

"Si tasa," akasema Injinia Aamodt kwa sauti ya wote kusikia. "Nimekosea, na sijawahi kufurahi kukosea namna hii. Huenda kuna mtu duniani aliyekwisha kuigawa zamani, sijui. Hapa mlimani mmeigawa ninyi." Akainama mbele ya Torbjørg. "Nani aliyeipata?"

"Oddny wa posta," akasema Torbjørg. "Huyo unayemsikia juu."

5 Mei

Joto la jioni 37.1. Sista amelipima mara mbili, hakuamini.

11 Mei

Daktari Lien ametoka chumba cha tisa akipiga mluzi. Homa ya Oddny imeshuka siku ya nne mfululizo. Hasemi zaidi, na mimi siulizi zaidi.

17 Mei

Sikukuu ya taifa, na siku yetu ya kuhama.

Theluji imebaki kwenye vivuli tu. Watoto wa kijijini walipita barabarani na bendera na tarumbeta, wakasimama chini yetu wakapiga wimbo. Wanaume walibeba magodoro yetu, mifuko yetu ya manyoya na viti vyetu hadi baraza la kusini, wale wenye nguvu, huku Torbjørg akiwaelekeza. "Polepole, wewe! Hilo si pipa la samaki! Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako!"

Kitanda cha mwisho kilibebwa na wanne, Injinia kwenye kona ya mbele, akihema, akikataa kupokewa. Juu yake Oddny, amefungwa skafu ya Torbjørg, amekonda, macho wazi. Daktari amempa nusu saa. Wakamshusha katikati yetu, mahali bora, pasipo na nguzo mbele.

"Bwana Injinia," akasema Oddny, "miguu yenu haitapata baridi kule kaskazini?"

"Itapata," akasema. "Uzi wetu umekwenda kwa ndege."

Wote tulicheka, na hakuna aliyekohoa.

Nililala kifudifudi kidogo kisha nikageuka, nikafungua kifungo cha juu, nikaliacha jua liingie hadi kwenye mfupa. Kulia kwangu Torbjørg alikuwa amekwisha kuanza kukoroma. Kushoto kwangu Oddny aliutoa mkono mmoja nje ya blanketi, akaugeuza kiganja juu, kama anayepokea kitu kwenye dirisha la posta.

"Mwalimu."

"Naam."

"Nimewaandikia wanangu leo asubuhi. Barua nzima. Sikuchoka."

Jua lilikuwa limemfika shingoni. Akafumba macho, na Sista Valborg, aliyekuja kusema kwamba nusu saa imekwisha, alisimama pale mlangoni akamtazama, kisha akarudi ndani na saa yake.